Ramani za Mafuriko Zinapochorwa Upya, Nani Anahitaji Bima?

Tarehe 30 Septemba 2016 jiji la New Orleans, katika jimbo la Louisiana, lilianza kutumia ramani mpya ya hatari ya mafuriko, na kwa siku moja zaidi ya nusu ya jiji ikatoka katika ukanda unaohesabiwa kuwa wa hatari kubwa. Sababu ilikuwepo, tena ya kweli. Kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kilizamisha asilimia 80 hivi ya jiji, na baada yake serikali kuu ya Marekani ilitumia takriban dola bilioni 14.5 kujenga upya matuta, kuta, malango ya maji na vituo vya pampu. Wahandisi walipokokotoa tena, wakaona maji ya bahari hayatafika kirahisi yalikofika mwanzo. Wenye nyumba waliokuwa wakilazimishwa na benki kukata bima ya mafuriko wakaambiwa lazima hiyo imekwisha. Haikutimia miezi kumi na moja, tarehe 5 Agosti 2017, ikanyesha mvua kubwa ya saa chache. Hakukuwa na kimbunga, tuta halikubomoka, bahari haikupanda. Ila pampu kadhaa za kuondoa maji ya mvua zilikuwa mbovu, jambo ambalo mamlaka ya maji ya jiji ililikana kwanza kabla ya kulikubali, na maji yakaingia majumbani na madukani katika mitaa kama Mid-City, Treme na Lakeview. Aliyekuwa ameacha kulipia bima baada ya ramani kumtoa ukandani aligharimia ukarabati kwa fedha zake mwenyewe.

Mjadala juu ya ramani mpya za mafuriko huko Marekani kwa kawaida huwahusu wanaoingizwa ukandani. Hao ndio wanaopiga kelele mikutanoni, wanaoandikia wabunge wao, wanaohesabu ada mpya watakayolipa na thamani ya nyumba wanayodhani itashuka. Ninavyoona, macho yameelekezwa upande usio na hatari kubwa zaidi. Anayeingizwa ukandani anapata usumbufu na gharama, lakini pia anapata bima. Anayetolewa hupata barua ya kumpongeza, na ndiye anayebaki wazi. Hilo linawezekana kwa sababu ramani hii, kwa jinsi sheria ilivyoiweka, inampangia mwenye nyumba wajibu wake mbele ya benki, na watu wanaisoma kana kwamba inawaambia maji yatafika wapi. Mambo hayo mawili yana uhusiano, lakini uhusiano wenyewe ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, na tangu mwaka 2021 umezidi kudhoofika.

Ili kuelewa jinsi mstari mmoja kwenye karatasi ulivyopata nguvu hiyo, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mpango wa Taifa wa Bima ya Mafuriko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1968, miaka mitatu baada ya kimbunga Betsy kuipiga Louisiana, kwa sababu kampuni binafsi za bima zilikuwa zimekwisha kujitoa katika biashara hiyo. Mafuriko hupiga mtaa mzima usiku mmoja, na kampuni haiwezi kuufidia mtaa mzima kwa ada zilizokusanywa katika mtaa huohuo. Ndiyo maana hadi leo bima ya kawaida ya nyumba nchini Marekani hulipa moto, wizi na upepo, lakini haigusi mafuriko. Serikali ikabeba mzigo kwa sharti: mji au kata ikubali ramani ya mafuriko na iweke kanuni za ujenzi katika mabonde, ndipo wakazi wake wapate kuuziwa bima. Watu hawakununua. Mwaka 1973 Bunge la Marekani likaongeza meno: mwenye nyumba iliyo ndani ya ukanda wa hatari kubwa, ikiwa amekopa kwa benki inayosimamiwa na serikali kuu au kwa mkopo unaodhaminiwa nayo, lazima awe na bima ya mafuriko. Asipokata mwenyewe ndani ya siku 45 baada ya kutaarifiwa, benki inamkatia na kumtoza, na bima inayokatwa na benki huwa ghali kuliko ile ambayo mtu angejitafutia.

Hapo ndipo mstari ulipogeuka kuwa mpaka. Uchunguzi wa taasisi ya RAND uliotolewa mwaka 2006 ulikadiria kwamba ndani ya ukanda wa hatari kubwa, asilimia 49 ya nyumba za familia moja zilikuwa na bima ya mafuriko. Nje ya ukanda ilikuwa asilimia 1 tu. Hakuna mto wala pwani duniani ambayo hatari yake hushuka kutoka nusu hadi mmoja katika mia kwa kuvuka uchochoro. Takwimu hizo zinaonyesha kilichowafanya watu wanunue: walilazimishwa. Pale lazima ilipokoma, na ununuzi ulikoma. Tena hata ndani ya ukanda karibu nusu hawakuwa nayo, wengi wao wakiwa watu wasio na mkopo, kama wazee waliomaliza kulipa na warithi wa nyumba za wazazi, ambao sheria haiwahusu ingawa maji yanawahusu sawasawa.

Ukanda wenyewe huchorwa kwa kipimo kimoja: eneo ambalo kila mwaka lina uwezekano wa asilimia 1 wa kufunikwa na maji. Jina la mitaani la kipimo hicho, yaani mafuriko ya miaka mia, limeleta madhara makubwa, kwa kuwa humfanya mtu aliyeona mafuriko mwaka juzi aamini kwamba amebakiwa na miaka tisini na minane ya amani. Hesabu ni nyepesi. Uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, ukirudiwa kwa miaka 30 ambayo ndiyo muda wa kawaida wa mkopo wa nyumba, hufikia asilimia 26. Mtu mmoja kati ya wanne atakuwa ameshuhudia maji hayo kabla hajamaliza deni. Sasa mfikirie jirani ambaye sakafu yake iko shubiri moja juu ya usawa uliochorwa. Hatari yake ya mwaka ni pungufu kidogo tu ya asilimia 1. Katika miaka 30 bado ni kubwa kuliko hatari nyingi ambazo watu hukatia bima bila kufikiri mara mbili. Ramani inamweka katika rangi nyingine, benki haimuulizi kitu, naye huchukua ukimya wa benki kuwa ni cheti cha usalama.

Ramani nazo zina mipaka ya kiufundi ambayo hazijiandiki usoni. Nyingi hukokotoa maji ya mto unaofurika na mawimbi ya bahari. Maji ya mvua yanayotuama kwa sababu mitaro imezidiwa, kama yale ya New Orleans mwaka 2017, kwa kiasi kikubwa hayamo. Hukokotolewa kwa kumbukumbu za mvua na mito ya zamani, wala hazibebi kupanda kwa bahari kunakotarajiwa. Tena huzeeka. Mkaguzi mkuu wa Wizara ya Usalama wa Ndani aliripoti mwaka 2017 kwamba ni asilimia 42 tu ya ramani za mpango huo zilizokuwa na vipimo vinavyoaminika kuwa vya kisasa, ilhali lengo lilikuwa asilimia 80. Mwaka 2020 shirika la First Street Foundation, likitumia modeli inayojumuisha mvua na vijito vidogo, lilikadiria kwamba nyumba na majengo milioni 14.6 yana hatari ya kiwango kilekile cha asilimia 1, wakati ramani za serikali zilionyesha milioni 8.7. Mtu anaweza kubishana na modeli ya shirika binafsi, na wapo wanaobisha kwa hoja nzito, lakini pengo la takriban milioni sita halizibiki kwa ubishi peke yake.

Houston ndiko pengo hilo lilikopimwa kwa maji yenyewe. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kiliangusha mvua iliyopita inchi 60 katika mji wa Nederland, Texas, na katika kata ya Harris, lilipo jiji la Houston, idara ya kudhibiti mafuriko ya kata ilikadiria nyumba 154,170 ziliingia maji. Asilimia 68 ya nyumba hizo zilikuwa nje ya ukanda wa hatari kubwa. Zilizokuwa na bima hai ya mafuriko zilikuwa asilimia 36. Inaweza kusemwa kwamba Harvey lilikuwa tukio la nadra mno, lililozidi kipimo chochote ambacho ramani ingetumia, na hilo ni kweli. Lakini mwaka uliofuata idara ya hali ya hewa na bahari ya Marekani ilitoa makadirio mapya ya mvua za Texas, na katika eneo la Houston kile kilichokuwa kikiitwa mvua ya siku moja ya miaka mia kikapanda kutoka inchi 13 hadi 18. Kwa maneno mengine, ramani zilizokuwa zikitumika zilijengwa juu ya mvua iliyopunjwa kwa zaidi ya robo. Aliyenunua nyumba huko kwa kutazama rangi ya ramani alikuwa ametazama mbingu ya vizazi vilivyopita. Baadaye, Septemba 2024, kimbunga Helene kilipanda hadi milimani, magharibi mwa Carolina Kaskazini, kikaharibu maeneo ya Asheville na vijiji vya mabondeni ambako chini ya kaya moja katika mia ilikuwa na bima ya mafuriko. Watu wa milimani hawakuwa wajinga. Walikuwa wamesoma ramani kama wenzao wa Houston.

Mabadiliko ambayo bado hayajawaingia wengi ni yale ya bei. Kwa miongo mitano ramani ilifanya kazi mbili kwa pamoja: iliamua nani alazimishwe, na iliamua alipe kiasi gani. Nyumba ikihamishwa kutoka rangi moja kwenda nyingine, ada ingeweza kuruka mara kadhaa kwa mkupuo. Tarehe 1 Oktoba 2021, FEMA, shirika la serikali linalosimamia maafa na mpango huu wa bima, ilianza kutumia utaratibu mpya wa bei kwa wateja wapya, na kuanzia 1 Aprili 2022 ukawafikia waliokuwa wakihuisha mikataba yao. Chini ya utaratibu huo ada hukadiriwa kwa nyumba yenyewe: umbali wake kutoka majini, urefu wa sakafu ya kwanza, aina za mafuriko yanayoweza kuifikia pamoja na yale ya mvua, na gharama ya kuijenga upya. Rangi ya ukanda imeondolewa katika hesabu ya bei. Kati ya kazi hizo mbili imebaki na moja tu, ile ya lazima ya benki. Kwa hiyo mtu anayeogopa ramani mpya kwa sababu ya bei anaogopa kitu kilichokwisha kuhama, na anayeshangilia ramani kwa sababu hiyohiyo anashangilia bure: hatari iliyokuwa ikipandisha ada yake bado imo katika hesabu, iwe yumo ukandani au ametoka.

Kutokana na hilo naona jambo ambalo wenye nyumba hawajalitumia vya kutosha. Siku hizi makadirio ya ada yanabeba habari nyingi kuliko ramani. Mtu aliye nje ya ukanda akiomba apigiwe hesabu ya bima ya mafuriko, akaambiwa kiasi kidogo kwa mwaka, amejulishwa kwamba hatari yake kwa kadiri inavyopimika ni ndogo, na hapohapo amejua kwamba kuifunika hakumgharimu sana. Akiambiwa kiasi kikubwa, hilo ni onyo ambalo ramani haikumpa. Kukasirika na kuondoka ni kawaida ya binadamu, lakini kiasi hicho ndicho alichokuwa akikitafuta alipofungua ramani. Kuomba makadirio si kununua.

Tuwarudie wanaoingizwa ukandani, maana nao wana mambo yao ya kujua na kwa kweli hali yao haina utisho unaotangazwa. Ramani mpya haiji ghafla. Hutolewa kwanza ikiwa rasimu, kuna siku 90 za kupinga kwa ushahidi wa kitaalamu, kisha barua ya uamuzi wa mwisho, halafu miezi sita kabla ya kuanza kutumika. Katika muda huo mwenye nyumba anaweza kumwita mpima ardhi amwandalie cheti cha mwinuko, na iwapo ardhi inayogusana na nyumba yake iko juu ya usawa uliokadiriwa, anaweza kuiomba FEMA barua ya kurekebisha ramani inayomwondolea lazima. Bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kulipiwa, lakini aliyeingizwa ukandani na ramani mpya akinunua ndani ya miezi 13 husubiri siku moja tu. Vilevile akinunua ndani ya miezi 12 huanza kwa ada iliyopunguzwa, kisha ada hiyo hupanda polepole kuelekea bei kamili. Anayechelewa akisubiri kusikia majirani watafanya nini anaupoteza upendeleo huo, na hana wa kumlaumu.

Kosa kubwa la aliyeingizwa ni kudhani kwamba akitimiza masharti ya benki amejikinga yeye. Sheria inaitaka benki idai kiasi kidogo kuliko vyote kati ya deni lililobaki, kikomo cha bima ya serikali, na thamani ya jengo inayoweza kukatiwa bima. Chukua nyumba ambayo kuijenga upya kungegharimu dola 320,000, na deni lililobaki ni dola 90,000. Benki itaridhika na bima ya dola 90,000. Nyumba ikiharibika kabisa, benki inalipwa deni lake na mwenye nyumba anabaki na kiwanja. Kikomo cha bima ya serikali kwa nyumba ya kuishi ni dola 250,000 kwa jengo na dola 100,000 kwa vitu vya ndani. Viwango hivyo viliwekwa na sheria ya mwaka 1994 na havijapandishwa tangu hapo, wakati gharama za fundi, mbao na saruji zimepanda kila mwaka. Vitu vya ndani havimo mpaka uviombe na kuvilipia. Hulipwa kwa thamani yake vikiwa vimechakaa, si kwa bei ya dukani. Kodi ya kupanga kwingine wakati nyumba inakarabatiwa haimo kabisa. Chumba cha chini ya ardhi kinafunikwa kwa sehemu ndogo. Kwa hiyo mwenye nyumba ya thamani kubwa anahitaji nyongeza kutoka kampuni binafsi, na tangu Julai 2019 benki zinatakiwa kuikubali bima binafsi inayokidhi vigezo. Bima binafsi wakati mwingine ni nafuu na pana zaidi, lakini kampuni inaweza kukataa kuihuisha baada ya mwaka mmoja mbaya. Mpango wa serikali hauwezi kumkataa mtu wa mji ulio ndani ya mpango.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la gharama, na halifai kupuuzwa kwa mkono mmoja. FEMA ilisema kwamba katika mwaka wa kwanza wa bei mpya asilimia 23 ya wateja wangepunguziwa na asilimia 66 wangeongezewa isiyozidi dola 10 kwa mwezi. Kauli hiyo ni sahihi kwa mwaka wa kwanza. Lakini sheria inaruhusu ada ya makazi ya kudumu kupanda hadi asilimia 18 kila mwaka mpaka ifike bei kamili, na kinachopanda kwa kasi hiyo huzidi mara mbili ndani ya miaka mitano. Juni 2023 Louisiana pamoja na majimbo mengine tisa yaliishtaki FEMA, yakidai pamoja na mengine kwamba hesabu za bei hiyo haziko wazi na zitawahamisha watu katika miji ya pwani. Kwa familia ya wavuvi ambayo nyumba yake imelipwa yote na kipato chake hakitabiriki, kusema tu kwamba bima ni muhimu ni kumsomea mwenye njaa faida za chakula. Nakubali. Hata hivyo pingamizi hili linazungumzia nani alipe, na jibu lake ni msaada wa wazi kwa wenye kipato kidogo, unaotolewa kwa kuangalia kipato. Kuchora mstari upya ili familia hiyo ionekane iko nje ya hatari kunaiachia hatari yote na kuiondolea fidia yote. Ni msaada wa namna ya ajabu.

Na kuchora kwa shinikizo kupo. New York inatumia ramani ambayo msingi wake ni wa mwaka 1983. Baada ya kimbunga Sandy cha Oktoba 2012 FEMA ilitoa rasimu iliyopanua ukanda kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2015 serikali ya jiji iliipinga kwa hoja za kitaalamu kuhusu modeli za dhoruba, ikisema rasimu imewaingiza ukandani watu 170,000 na majengo 26,000 ambayo hayakustahili, na mwaka 2016 FEMA ilikubali kufanya upya kazi hiyo. Huenda jiji lilikuwa sahihi katika ufundi. FEMA yenyewe iliona hoja zina uzito. Lakini katika miaka yote ya kusubiri, ramani iliyokuwa ikiamua nani alazimishwe kukata bima ni ile ambayo Sandy ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba haitoshi. Mwenye nyumba wa Queens au Staten Island aliyengoja wataalamu wamalize mvutano ndipo aamue, aliikabidhi bima yake kwa ratiba ya ofisi.

Pingamizi la pili husema: kama ramani zina kasoro kiasi hiki, kwa nini mtu azipe uzito wowote? Jibu langu ni kwamba kasoro zake hazielekei pande zote sawasawa. Ramani inapoonyesha kwamba nyumba imo hatarini, mara nyingi ina sababu ya kufanya hivyo: mto upo, mwinuko umepimwa. Inapoonyesha usalama, mara nyingi inaonyesha tu kwamba aina fulani ya maji haikukokotolewa au kijito fulani hakikupimwa. Kwa hiyo hukumu ya hatari ichukuliwe kwa uzito kuliko hukumu ya usalama. FEMA yenyewe imeeleza kwamba kati ya 2014 na 2018 zaidi ya asilimia 40 ya madai ya mafuriko yalitoka kwa wateja walio nje ya kanda za hatari kubwa. Harvey imo katika miaka hiyo na bila shaka imevuta wastani juu. Ukiuteremsha kadiri upendavyo, bado hutafika mahali pa kusema nje ya mstari hapana maji.

Wapo pia wanaosema serikali haitawaacha. Kwa wanaotolewa ukandani hii ndiyo hoja inayowaliwaza zaidi, na ndiyo iliyo dhaifu kuliko zote. Helene ilipopiga, kikomo cha msaada wa FEMA kwa makazi ya kaya moja kilikuwa dola 42,500, tena hicho ni kikomo: wengi hupata sehemu ndogo tu yake, baada ya ukaguzi na makaratasi. Misaada mingine mikubwa baada ya maafa ni mikopo ya kulipwa kwa riba, juu ya mkopo wa nyumba ambao benki haijausamehe. Na aliyepokea msaada huo akiwa ndani ya ukanda hutakiwa kuwa na bima ya mafuriko tangu hapo. Akiiacha, maafa yajayo yatamkuta bila haki ya msaada.

Kuhusu aliyeishi miaka arobaini bila kuona maji sebuleni, uzoefu wake ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa nyumba moja kwa muda mfupi, tena muda ambao juu ya mto yalikuwa mashamba na sasa ni maegesho ya lami. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Erwann Michel-Kerjan, Sabine Lemoyne de Forges na Howard Kunreuther uligundua kwamba kwa kawaida watu hushikilia bima ya mafuriko miaka miwili hadi minne tu, kisha huiacha. Hununua maji yakiwa bado kumbukumbu, huacha zulia jipya likishazoeleka. Ramani inayomtoa mtu ukandani humpa ruhusa rasmi ya kufanya hivyo. Na pale kinachomtoa ni tuta jipya, kama New Orleans, onyo ni la zamani: mwanajiografia Gilbert White alikuwa ameeleza tangu mwaka 1945 jinsi kutegemea matuta na mabwawa kunavyowavuta watu kujenga na kuwekeza mabondeni, hata hasara ya siku tuta linaposhindwa ikawa kubwa kuliko ambavyo ingekuwa bila tuta.

Aliyetolewa ana njia iliyo nyepesi kuliko anavyodhani. Lazima ya benki ikishaondoka, anaweza kubaki na mkataba uleule, kuchagua makato makubwa zaidi ili ada ipungue, au kulinganisha na kampuni binafsi kwa utulivu. Jambo la kuogopa ni kukatisha. Mikataba mingi ya zamani bado iko katika ngazi ya kupanda polepole kuelekea bei kamili. Ukiuacha ukafa, ukitaka kurudi unaanza kwa bei kamili. Anayeuza nyumba anaweza kumhamishia mnunuzi mkataba pamoja na ngazi yake, na hiyo ni thamani inayostahili kutajwa mezani. Mnunuzi naye aulize historia ya maji ya nyumba kabla ya kuuliza rangi ya ramani. Texas ilipanua mwaka 2019 mambo ambayo muuzaji analazimika kuyaeleza kuhusu mafuriko, na Florida ikaweka sheria yake ya kufichua mwaka 2024. Miyuki Hino na Marshall Burke, katika utafiti wao wa mwaka 2021, walikadiria kwamba nyumba zilizo katika mabonde ya mafuriko nchini Marekani zimezidishiwa thamani kwa jumla ya dola bilioni 43.8, na kwamba bei hukaribia hatari halisi zaidi katika majimbo yanayomlazimisha muuzaji kusema. Msomaji wetu aliyeko Houston au Dallas anayenunua nyumba yake ya kwanza, na ambaye hajui mto gani ulipita wapi miaka ishirini iliyopita, anazihitaji sheria hizi kuliko mwenyeji.

Kama barua ya ramani mpya imekufikia, iwe inakuingiza au inakutoa, omba makadirio ya ada wiki hii na ulinganishe na gharama ya kuijenga nyumba yako, si na deni lako la benki. Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni. Kwa mtu anayepaswa kusubiri zile siku 30, yaani asiye na nafuu ya ramani mpya wala ya kukata bima pamoja na mkopo mpya, bima ya serikali inayotakiwa iwe hai siku hiyo lazima iwe imelipiwa mwanzoni mwa Mei.